Mzigo wa Mpiga Kinanda



Majuma matatu yaliyopita Halmashauri ya Walei ya parokia yetu ilipokea barua ya kwaya yenye ombi la kinanda kipya. Barua ilikuwa fupi na yenye adabu. Majadiliano yaliyofuata hayakuwa mafupi, na kuna dakika ambapo hata adabu ilipungua. Wapo waliosema kinanda tulicho nacho kinatosha. Wapo waliosema fedha hizo zikaezeke paa la kigango. Na alikuwapo mzee mmoja ambaye hakusema neno lolote. Habari zake tutazirudia. Katika mabishano yale tuligundua kwamba wengi wetu, paroko akiwa wa kwanza, tunakitazama kinanda kila Jumapili bila kujua kimetoka wapi. Kwa hiyo juma hili tumeona vema kuandika historia yake: si historia ya kinanda cha mabomba cha makanisa makuu ya Ulaya, bali ya hiki kinachobebwa, kinachochomekwa kwenye umeme, na kupigwa mbele ya watu pamoja na magitaa na ngoma.

Tuanze na neno lenyewe. Katika pwani yetu, hapo kale, kinanda hakikuwa na vibonyezo. Kilikuwa chombo cha nyuzi, jamaa ya udi, kile kinachoitwa pia gambusi. Zilipoingia piano na vinanda vya upepo kutoka Ulaya, neno lilihama polepole kutoka kwenye nyuzi kwenda kwenye vibonyezo, na leo kijana ukimwambia "kinanda" hawezi kabisa kuwaza gambusi. Tunaomba msomaji aliweke jambo hili dogo moyoni: chombo kipya kilipoketi, cha zamani kiliondoka hata na jina lake.

Sasa tuvuke bahari hadi Chicago, Marekani. Huko aliishi mhandisi aitwaye Laurens Hammond, mtengenezaji wa saa za umeme, ambaye hakuwa mwanamuziki. Biashara ya saa ilipodorora alifikiri kwamba mota ile ile inayozungusha mishale kwa mwendo usiobadilika ingeweza pia kuzungusha magurudumu madogo ya chuma yenye meno mbele ya sumaku, na kila gurudumu likazaa sauti yake. Akayapanga magurudumu 91 ndani ya kabati la mbao. Hati ya ubunifu aliipata mwaka 1934, na mwaka uliofuata chombo kilikuwa sokoni.

Wateja aliowalenga hasa ni makanisa: yale ambayo hayakuweza kununua kinanda cha mabomba. Makanisa zaidi ya 1,700 yalinunua katika miaka mitatu ya kwanza. Watengenezaji wa vinanda vya mabomba hawakukaa kimya. Mwaka 1936 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ya haki ilimfungulia Hammond shauri, ikidai kwamba matangazo yake yanawadanganya wanunuzi yanaposema chombo chake ni sawa na kinanda halisi. Ndipo lilipofanyika jaribio la ajabu katika kanisa la Chuo Kikuu cha Chicago. Waliketi wanamuziki stadi na wanafunzi, wakasikilizishwa vipande vya muziki bila kuona ni chombo gani kinapigwa: cha Hammond, au cha mabomba kilichogharimu dola 75,000. Wanamuziki walikosea karibu mara moja katika kila tatu. Wanafunzi walikuwa kama wanaobahatisha. Hata hivyo, mwaka 1938 kampuni iliamriwa iache baadhi ya madai yake.

Kwa maoni yetu tume haikukosea. Masikio ya watu yalidanganyika siku ile, lakini chombo cha Hammond hakikuwa kinanda cha mabomba, na uzuri wake haukuwa katika kukiigiza. Kila kibonyezo kilipoguswa, umeme ulitoa mlio mdogo wa "tik" mwanzoni mwa noti. Wahandisi waliuona ni kasoro, wakahangaika kuupunguza. Fundi mwingine wa Marekani, Donald Leslie, akabuni spika ambayo ndani yake tarumbeta na pipa huzunguka, hata sauti ikawa kama inatembea chumbani. Hammond mwenyewe hakuipenda hata kidogo. Basi, wapigaji wa makanisa ya Wamarekani Weusi, na baada yao wapigaji wa jazz, waliupenda mlio wa "tik", wakaipenda na spika inayozunguka. Vile viwili ambavyo mwenye chombo alivikataa ndivyo vilivyokipa roho.

Katika miaka ya 1950 alitokea Philadelphia kijana aitwaye Jimmy Smith, aliyeonyesha kwamba mtu mmoja kwenye Hammond anaweza kupiga wimbo kwa mkono wa kuume, na besi kwa mkono wa kushoto na miguu. Bendi za aina yake zilikuwa na watu watatu tu: kinanda, gitaa na ngoma. Hesabu hiyo iliwafaa sana wenye kumbi, kwa maana malipo yalikuwa ya watu watatu. Mpiga besi hakuhitajika tena. Alirudi nyumbani.

Lakini kabla hatujamwonea huruma mpiga besi, tuwafikirie waliobaki. Modeli iliyopendwa kuliko zote, B-3, ikiwa na kiti chake na pedali zake, ilizidi kilo 180, na spika bado hujaihesabu. Wapigaji walinunua magari ya kubebea maiti kwa sababu milango yake ya nyuma ni mipana. Walipanda ngazi za kumbi usiku wa manane wakishika pembe nne za kabati kama watu wanaobeba jeneza. Aliyetaka kupiga muziki ule alihitaji kwanza marafiki watatu wenye migongo mizima.

Kwa wapigaji wa piano shida ilikuwa nyingine. Gitaa au tarumbeta husafiri na mwenyewe. Mpiga piano humkuta mwenzake ukumbini, na mara nyingi humkuta mgonjwa. Piano za kumbi ndogo zilikuwa zimeachwa kwenye unyevu, nyuzi zimelegea, vibonyezo vingine vimekufa. Ray Charles, aliyekuwa kipofu na aliyezunguka Marekani mwaka mzima na bendi yake, alichoshwa na hali hiyo, akaanza kusafiri na piano ya umeme ya Wurlitzer, chombo ambacho kampuni ilikuwa imekileta sokoni katikati ya miaka ya 1950. Ndani yake nyundo ndogo hugonga vipande vyembamba vya chuma, na sauti hukuzwa kwa amplifaya. Wanamuziki wenzake walimcheka. Kisha mwaka 1959 ukatoka wimbo wake "What'd I Say", ambao hufunguka kwa sauti ya piano hiyo, na kicheko kikaisha.

Mwingine ni Harold Rhodes, na hapa tunaomba tukae kidogo, kwa maana habari yake hutugusa kila tunapoisoma. Rhodes alikuwa mwalimu wa piano. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumikia katika jeshi la anga la Marekani, akapewa kazi ya kuwafariji majeruhi hospitalini kwa kuwafundisha muziki. Mtu aliyelala kitandani hawezi kuketi mbele ya piano. Rhodes akachukua mabaki ya ndege za kivita aina ya B-17, akaunda kinanda kidogo cha noti 29 ambacho mgonjwa aliweza kukiweka mapajani akiwa amelala. Fikirini, wapendwa: chuma kilichokusudiwa kubeba mabomu kikawekwa juu ya miguu iliyovunjika ili mikono ipate kazi.

Baada ya vita aliendelea na ubunifu wake, akashirikiana na Leo Fender, mtengenezaji wa magitaa, na mwaka 1965 ikatoka Fender Rhodes yenye vibonyezo 73. Ndani yake nyundo hugonga kijiti cha chuma kilichofungamana na kipande kingine cha chuma, vikitetema pamoja, na sumaku kama ya gitaa la umeme huinasa sauti. Hailii kama piano. Hulia kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Ukiigonga kwa nguvu hukoroma. Mwaka 1968 Miles Davis alimwelekeza Herbie Hancock kwenye piano ya umeme iliyokuwa studio, naye Hancock, ambaye hapo kabla hakuithamini, alijikuta ameipenda. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 60. Ukilinganisha na Hammond, hiyo ilikuwa nafuu, ingawa viuno vya wapigaji wa zama zile huenda visingekubali.

Wajapani walijaribu njia ya katikati. Katika miaka ya 1970 Yamaha ilitengeneza CP-70, na baadaye CP-80: piano yenye nyuzi halisi, iliyogawanyika vipande viwili kwa ajili ya safari. Ilikuwa chombo kizuri, nacho bado kilihitaji wanaume wa kukibeba na fundi wa kukaza nyuzi.

Kisha, mwaka 1983, mambo mawili yalitokea karibu pamoja. La kwanza ni makubaliano ya watengenezaji yaitwayo MIDI, ambayo kwayo kinanda cha kampuni moja kinaweza kuamrisha kinanda cha kampuni nyingine kwa waya mmoja. Januari mwaka huo, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, chombo cha Kimarekani cha Dave Smith kiliunganishwa na cha Kijapani cha Roland, vikapiga pamoja. Mara chache sana katika historia washindani wa biashara wamekubaliana jambo jema namna hiyo. La pili ni Yamaha DX7, sinthesaiza iliyotumia hesabu iliyogunduliwa na John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1967. Haikuwa na nyundo, wala magurudumu, wala nyuzi. Ilikuwa na uzito wa kilo 14 hivi, na ndani yake mlikuwa na sauti iliyoiga Rhodes kwa namna ya kung'aa zaidi. Ziliuzwa zaidi ya 150,000. Katika miaka michache Rhodes za kweli zilitupwa stoo, kiwanda kikafungwa, na jina likauzwa kwa Roland mwaka 1987. Walipoliweka kwenye chombo cha kidijitali, mzee Harold hakukipenda.

Tangu hapo kasi iliongezeka. Mwaka 1988 Korg ilitoa M1, ambamo mlikuwa na piano, fidla, matarumbeta na ngoma, pamoja na uwezo wa kuvirekodi vyote vikapigana vyenyewe. Casio nayo ilikwisha kutoa vinanda vidogo vya bei nafuu vya nyumbani. Kimoja, MT-40 cha mwaka 1981, kilikuwa na mdundo uliotungwa na mfanyakazi kijana wa kampuni, Okuda Hiroko. Mwaka 1985 Wayne Smith wa Jamaika aliimba juu ya mdundo huo wimbo "Under Mi Sleng Teng", na muziki wa kisiwa kizima ukageuka. Vijana wasio na studio waliweza sasa kutengeneza muziki. Wapiga besi na ngoma wa Kingston, waliokuwa wakiitwa studio kila siku, waliitwa mara chache zaidi.

Nasi hatukuachwa nyuma. Wanaolikumbuka taarab la Unguja wanajua safu ile ya fidla, ganuni, udi, nai, akodiani na dumbak, kama lilivyolelewa na Ikhwani Safaa tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu 1958. Katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody vikaleta taarab ya kisasa, ambamo vinanda vya umeme vilishika nafasi ya sehemu kubwa ya safu hiyo. Watu waliicheza, wakaitunza, na ikavuka hadi Tanga, Mombasa na Dar es Salaam. Hatuwalaumu. Kundi la watu wanane hupakiwa katika gari moja. Kundi la watu thelathini huhitaji mfadhili. Lakini mpiga ganuni mwenye miaka arobaini ya ujuzi hawezi kuhamia kwenye kitufe kilichoandikwa jina la chombo chake.

Hapo ndipo tunapofika kwetu wenyewe. Kinanda cha kwaya yetu ni cha aina ile yenye biti ndani: mpigaji hubonyeza kitufe, ngoma na besi zikaanza, naye huongoza kwa mkono wa kushoto. Wengi mnakumbuka Jumapili ile ya Kwaresima ambapo, katika ukimya baada ya Komunyo, kiwiko cha kijana wetu kiligusa kitufe, na kanisa likajaa samba. Tulicheka, tukasamehe. Lakini jambo zito zaidi lilitokea bila kelele. Kinanda hicho kilipoingia, miaka sita iliyopita, mzee aliyepiga ngoma katika kwaya tangu parokia ikiwa kigango alihama akakaa benchi la nyuma. Hakuna aliyemfukuza. Biti ya mashine haiongezi mwendo waimbaji wanapochangamka, wala haiwangoji wanapochoka. Ngoma ya mtu hufanya yote mawili, na viwili hivyo haviwezi kwenda pamoja. Juma lililopita tulimwendea kumsalimu, tukamwuliza kwa nini hakusema neno kikaoni.

"Baba Paroko," alijibu, "ile mashine haikohoi, haichelewi Misa, wala haiombi nauli. Mimi ningesema nini?"

Hatukuwa na jibu la papo hapo.

Tungependa kusema kwamba Kanisa limekwisha kuliamua jambo hili, lakini historia haikuwa nyepesi hivyo. Mwaka 1903 Papa Pius X alikataza piano kanisani, na pamoja nayo ngoma na vyombo vingine vyenye kelele. Kwa hiyo ngoma ya mzee wetu nayo ingezuiliwa mlangoni. Septemba 1958, majuma machache kabla ya kifo cha Papa Pius XII, maelekezo ya Roma yaliruhusu kinanda cha umeme kivumiliwe kwa muda, kwa kibali cha askofu, pale ambapo cha mabomba hakipatikani. Maelekezo hayo hayo yalikataza katika ibada vyombo vinavyojipiga vyenyewe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikiheshimu kinanda cha mabomba na kufungua mlango kwa vyombo vya mataifa, nasi Waafrika tukaingia na ngoma zetu. Hatusemi kwamba katazo la 1958 liliandikwa kwa ajili ya vitufe vya biti, ambavyo waandishi wake hawakuvijua. Tunasema tu kwamba walikuwa wameona tofauti kati ya chombo kinachopigwa na chombo kinachojipiga, na tofauti hiyo bado ipo.

Na sokoni pia ipo. Sambamba na vinanda vya biti imeendelea jamii nyingine iitwayo piano ya jukwaani. Roland RD-1000 ya mwaka 1986 ilikuwa mmoja wa wazee wake: vibonyezo 88 vyenye uzito wa kidole kama piano halisi. Mwaka 2001 Waswidi wa kampuni ya Clavia, jijini Stockholm, walitoa Nord Electro, chombo chekundu chepesi ambacho kazi yake kubwa ni kuiga Hammond, Rhodes na Wurlitzer, pamoja na spika inayozunguka na ule mlio wa "tik" ambao wahandisi wa Chicago walihangaika kuupunguza. Chombo kilichoshtakiwa kwa kuiga sasa ndicho kinachoigwa, na kasoro zake zinauzwa kwa bei! Vinanda vya jamii hii havitengenezwi ili vijaze nafasi ya bendi nzima, vinangoja bendi. Mpigaji huvibeba begani, akaketi kati ya wenzake, na asipokuwapo mpiga ngoma, hakuna ngoma.

Mapendekezo mawili yako mezani, na bei zake hazipishani sana. La kwanza ni kinanda kikubwa zaidi cha biti, ambacho vijana wanakitaka kwa sababu ambazo hatuzidharau: mazoezi huwa rahisi, na kwaya yenye waimbaji tisa husikika kama yenye thelathini. La pili ni piano ya jukwaani iliyotumika, isiyo na biti yoyote, na salio la fedha kwenda kuwamba upya ngoma mbili zilizoko stoo. Maoni yetu tumekwisha kuyaonyesha, na hatutayaficha kikaoni. Lakini fedha ni zenu, na waimbaji ni ninyi. Mwalimu wa kwaya ametuuliza swali la haki kabisa, kwamba huyo mzee akichoka, nani atapiga? Tumemjibu kwamba kuna watoto wanne wa Utoto Mtakatifu wanaogonga mabenchi kila Jumamosi mpaka katekista anawafukuza.

Kikao kitafanyika Jumapili ijayo ukumbini, baada ya Misa ya pili. Mzee wetu tumemwalika. Amesema atafika, ila ameuliza kama zile ngoma za stoo zinaweza kuanikwa juani kuanzia Ijumaa.